Frank Galati na Kazi ya Kupandisha Riwaya Jukwaani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa riwaya, walimu wa fasihi na vikundi vya maigizo ambavyo vimewahi kujiuliza kitabu kinene kinawezaje kusimama jukwaani bila kupoteza sauti yake. Nimeona ni afadhali kujibu kwa kufuata maisha ya kazi ya mtu mmoja, Mmarekani Frank Galati, kuliko kueleza kanuni zinazoelea hewani.

Frank Galati alikuwa nani?

Alikuwa mwongozaji wa tamthilia, mwandishi, mwigizaji na profesa wa chuo kikuu. Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1943 huko Highland Park, mji ulio pembezoni mwa Chicago katika jimbo la Illinois, na akafariki dunia tarehe 2 Januari 2023 mjini Sarasota, Florida, akiwa na umri wa miaka 79. Anakumbukwa zaidi kwa The Grapes of Wrath, riwaya ya John Steinbeck ambayo jina lake tunaweza kulitafsiri kuwa Zabibu za Ghadhabu. Aliigeuza kuwa tamthilia, akaiongoza mwenyewe, na mwaka 1990 ikapata tuzo mbili za Tony, ambazo ndizo tuzo kubwa kuliko zote za maigizo nchini Marekani: ya tamthilia bora na ya uongozaji bora wa tamthilia.

Je, alikuwa mwandishi aliyejifunza kuongoza, au mwongozaji aliyejifunza kuandika?

Kabla ya yote alikuwa msomaji, na nadhani hapo ndipo ufunguo wa kazi yake yote ulipo. Alisoma Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichoko Evanston, kaskazini mwa Chicago, na huko ndiko alikopata shahada zake, ya uzamivu ikiwemo. Idara aliyosomea haikuwa idara ya kawaida ya fasihi wala ya uigizaji, kwa sababu ilifundisha kusoma maandishi kwa sauti mbele ya watu. Mwanafunzi alipewa shairi au sura ya riwaya, akasimama mbele ya wenzake, na alitakiwa aisome kwa namna ambayo sauti, pumzi na mwili wake vingeonyesha kwamba amelielewa andiko mpaka ndani. Ambaye hakujua kwa nini mwandishi ameweka nukta mahali fulani alijulikana mara moja, kwa kuwa pumzi yake ilikatika pasipostahili.

Baadaye Galati mwenyewe alifundisha katika chuo hicho kwa miaka mingi, hadi alipostaafu mwaka 2006. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo magazeti ya New York yalikuwa yakiandika habari zake, yeye alikuwa akirudi darasani kusikiliza vijana wakisoma. Sichukulii jambo hilo kuwa pambo la wasifu. Mtu anayesikiliza sentensi za watu wengine zikisomwa kila wiki, mwaka baada ya mwaka, hupata sikio ambalo mwongozaji anayeishi kwa mazoezi na maonyesho peke yake halipati kwa urahisi.

Huko Northwestern alijifunza mtindo gani hasa?

Alijifunza mtindo uliobuniwa na mwalimu aitwaye Robert Breen tangu miaka ya 1940, na ambao Breen aliueleza katika kitabu chake Chamber Theatre cha mwaka 1978. Msingi wake unaweza kuelezwa kwa maneno machache: riwaya ina msimulizi, na anayeipeleka jukwaani asimtupe msimulizi huyo nje.

Ili jambo hili lionekane kwa karibu, nitatunga sentensi moja ambayo ingeweza kutoka katika riwaya yoyote: "Bi Mwanaidi alifunga mlango, akakaa kitako juu ya mkeka, akajiambia kwamba hatalia mbele ya wanawe." Mtu anayegeuza riwaya kuwa tamthilia kwa njia iliyozoeleka atafuta simulizi na kumpa mwigizaji maneno ya kusema, pengine "Sitalia mbele ya wanangu!" Watazamaji watasikia habari, lakini kilichokuwa kizuri katika sentensi kimeshapotea, kwa sababu Bi Mwanaidi hakusema kitu. Uzito wake ulikuwa katika ukimya wake.

Njia ya pili ni kumweka msimulizi pembeni mwa jukwaa aisome sentensi nzima huku mwigizaji akitenda bila kusema. Hapo ukimya umeokolewa, na pengo kati ya anayejua na anayeumia linaonekana kwa macho. Njia ya tatu ndiyo iliyowatia watu wengi mashaka walipoisikia mara ya kwanza. Mwigizaji mwenyewe anafunga mlango, anakaa juu ya mkeka, anawageukia watazamaji na kusema kwa utulivu, "Akajiambia kwamba hatalia mbele ya wanawe." Anajitaja kwa nafsi ya tatu. Mwanamke mmoja anaumia na wakati huo huo anasimulia maumivu yake, na watazamaji wanaona mambo hayo mawili katika uso mmoja.

Aliyewahi kukaa jioni kumsikiliza bibi akisimulia ngano, baada ya "Paukwa!" kujibiwa "Pakawa!", hatauona mtindo huu kuwa mgeni. Fanani huwa sungura, kisha huwa fisi, kisha hurudi kuwa bibi yetu anayetutazama ili ajue kama tumeelewa. Breen na Galati hawakuyachukua hayo kwetu, na sitaki kudai hivyo. Walifika hapo kwa kuchunguza namna riwaya za Kizungu zilivyoandikwa. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili anaanza mbele kidogo ya wengine anapojaribu kuelewa walichokuwa wakikitafuta.

The Grapes of Wrath ilifikaje jukwaani?

Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1939 na ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi nchini Marekani, mwaka uliofuata. Inaifuata familia ya akina Joad, wakulima wa Oklahoma walionyang'anywa ardhi katika miaka ya ukame na vumbi, wanaopakia kila kilichobaki juu ya gari bovu na kwenda California kutafuta kazi ya kuchuma matunda.

Kundi lililoipandisha jukwaani ni Steppenwolf la Chicago, lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 na vijana waliokuwa wakiigiza katika chumba cha chini cha kanisa, huko huko Highland Park alikozaliwa Galati. Alijiunga nao katikati ya miaka ya 1980. Ruhusa ilitoka kwa Elaine Steinbeck, mjane wa mwandishi, ambaye katika ujana wake alikuwa msimamizi wa jukwaa kwenye maonyesho ya Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo mjini New York, na kwa hiyo alijua vizuri alichokuwa anaombwa.

Onyesho la kwanza lilifanyika Chicago mwaka 1988. Mwaka 1989 lilipelekwa La Jolla, California, kisha London katika National Theatre, na tarehe 22 Machi 1990 likafunguliwa Broadway katika ukumbi wa Cort. Gary Sinise aliigiza Tom Joad, Lois Smith alikuwa mama wa familia, na Terry Kinney alikuwa Jim Casy, mhubiri aliyeacha kuhubiri. Lilichezwa mara 188 tu kabla ya kufungwa mwezi Septemba. Waigizaji walikuwa zaidi ya 30, na tamthilia isiyo ya muziki yenye watu wengi kiasi hicho haijilipii kwa urahisi hata ikiwa imepata tuzo.

Riwaya nene namna ile aliipunguzaje?

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, na jibu lake linahitaji kwanza kuikumbuka riwaya ilivyojengwa. Ina sura 30, na zaidi ya nusu ya sura hizo hazimtaji Tom Joad wala mama yake. Zinazungumzia vumbi, barabara, matrekta yanayobomoa nyumba, wafanyabiashara wanaouza magari mabovu kwa watu wenye haraka ya kuondoka, na maelfu ya familia ambazo hazina majina. Mhariri mwenye mkasi mkali angesema kwamba hapo ndipo pa kukata, ibaki hadithi ya familia. Filamu maarufu ya John Ford ya mwaka 1940 ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya familia hiyo.

Galati alikata mazungumzo mengi na vituko vingi vya safarini, lakini hakuiacha ile sauti ya umma. Tamthilia yake inafunguka kwa simulizi kuhusu ardhi na vumbi kabla hatujamwona mtu yeyote wa ukoo wa Joad. Waigizaji waliokuwa wahamiaji katika tukio moja wanakuwa wauza magari katika jingine. Michael Smith, mwanamuziki wa Chicago, alitunga nyimbo zilizopigwa hapo hapo jukwaani kwa ala kama harmonika, banjo na fidla, na mara nyingi nyimbo hizo zinabeba kile ambacho riwaya ilikieleza kwa kurasa kadhaa.

Mandhari nayo ilifanya kazi ya kusimulia. Kevin Rigdon aliyeisanifu alijenga jukwaa la mbao zilizochakaa kama za ghala la shambani, akaweka gari linalosogea likiwa limepakiwa watu na vyombo, mioto ya kambi, mvua inayonyesha, na maji halisi mbele ya jukwaa. Wanaume wa familia wanapofika kwenye mto mpakani mwa California, wanavua nguo na kujitosa majini wakicheka, baada ya safari ndefu ya jua na vumbi. Noah, mtoto wa kwanza, anaamua hapo hapo kwamba hataendelea. Atabaki na mto. Katika kitabu tunasoma kwamba anaondoka akifuata ukingo wa maji. Jukwaani maji yale yalikuwa mbele ya macho ya watazamaji, yanang'aa kwa taa, na mtu aliyekuwa amelowa alikuwa anaiacha familia yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mtu aliyetoka kwenye vumbi anashindwa kuyaacha maji.

Ni kweli kwamba mwisho wake uliwashtua watu?

Mwisho wa riwaya wenyewe ni wa kushtua, na Galati hakuukwepa. Rose of Sharon, binti wa familia, amejifungua mtoto aliyekufa katikati ya mafuriko. Familia inakimbilia ghala moja na kumkuta humo mwanamume anayekufa kwa njaa pamoja na mwanawe mdogo. Binti huyo, ambaye maziwa yake hayana mtoto wa kuyanyonya, anamnyonyesha yule mgeni.

Filamu ya mwaka 1940 haikuonyesha tukio hilo, ikamalizikia kwa maneno ya matumaini ya mama. Galati aliliweka kama lilivyo. Halina maneno ya kutosha kulifanya kuwa mazungumzo, na mwongozaji mwenye woga angejaza ukimya huo kwa muziki au kwa hotuba. Yeye aliwaachia watazamaji wamtazame msichana na mgonjwa wake mpaka taa zinapofifia. Naliona tukio hili kuwa kipimo cha mtu anayedai kuiheshimu riwaya, kwa sababu kuiheshimu ni kukubali pia lile jambo ambalo lingerahisisha kazi yako kama mwandishi asingeliandika.

Je, ni vizuri mtu mmoja awe mwandishi wa tamthilia na mwongozaji wake?

Ina faida na hatari zake. Faida ni kwamba anayeandika huku akijua ataongoza haandiki maelezo yasiyo na maana. Akiandika kwamba mvua inanyesha, ameshafikiria maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi. Hatari ni kwamba hakuna mtu wa kumwambia kwamba tukio analolipenda halieleweki. Galati hakushikilia vyeo hivyo viwili siku zote. Alipoigeuza East of Eden, riwaya nyingine ya Steinbeck, kwa ajili ya Steppenwolf mwaka 2015, aliandika yeye na Terry Kinney akaongoza. Katika Ragtime mambo yalikuwa kinyume: yeye aliongoza maandishi ya watu wengine.

Ragtime ni tamthilia ya muziki. Inahusianaje na kazi yake ya riwaya?

Inahusiana sana. Riwaya ya E. L. Doctorow ya mwaka 1975 inachanganya watu wa kubuni na watu wa historia katika Marekani ya mwanzo wa karne ya 20. Terrence McNally aliandika mswada, Stephen Flaherty akatunga muziki na Lynn Ahrens maneno ya nyimbo. Galati aliiongoza kuanzia Toronto mwaka 1996, na ikafunguliwa Broadway tarehe 18 Januari 1998.

Katika wimbo wa kwanza wahusika wanaingia kundi baada ya kundi na kujitambulisha kwa nafsi ya tatu, kana kwamba kila mmoja ameshika ukurasa wake wa kitabu. Mtindo ule wa darasani Evanston ulikuwa sasa unaimbwa na umati katika ukumbi mkubwa wa New York. Ilichezwa mara 834 na ikapata tuzo nne za Tony. Galati aliteuliwa kuwania ya uongozaji wa tamthilia ya muziki, lakini ikaenda kwa Julie Taymor wa The Lion King, onyesho ambalo wasomaji wetu wanalijua kwa maneno yake ya Kiswahili.

Je, aliwahi kufanya kazi ya filamu?

Ndiyo. Pamoja na Lawrence Kasdan aliandika mswada wa filamu ya The Accidental Tourist ya mwaka 1988, kutokana na riwaya ya Anne Tyler, na wakateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Hakuhamia Hollywood, alirudi kwenye jukwaa na darasa.

Kuna kazi zake zilizoshindwa?

Zipo. Seussical ya mwaka 2000 ilipata misukosuko kabla ya kufunguliwa Broadway, na ingawa jina la Galati lilibaki kuwa la mwongozaji, mtu mwingine aliitwa kuimalizia. The Pirate Queen ya mwaka 2007 ilifungwa baada ya maonyesho 85. Zote mbili zilikuwa tamthilia za muziki zenye gharama kubwa, ambamo mwongozaji ni mmoja tu kati ya watu wengi wenye sauti. Kwa maoni yangu Galati alikuwa na nguvu zaidi pale alipokuwa na kitabu mkononi, waigizaji wanaomwamini, na muda wa kusoma polepole.

Alichagua riwaya za aina gani?

Ukizipanga pamoja utaona kwamba alivutwa na vitabu ambavyo usimulizi wake ni mgumu. Mwaka 1995 alipandisha jukwaani As I Lay Dying ya William Faulkner, riwaya yenye sura 59 zinazosimuliwa na watu 15, akiwemo marehemu ambaye jeneza lake ndilo linalosafirishwa. Msomaji akiwa peke yake na kitabu hicho hupotea mara nyingi, kwa sababu lazima akumbuke ni nani anayesema sasa. Jukwaani shida hiyo inapungua mara moja: anayesema ana uso, urefu na mahali aliposimama. Huu ni mfano mzuri wa riwaya inayosaidiwa na jukwaa badala ya kupunguzwa nalo.

Baadaye aligeukia maandishi ya Haruki Murakami wa Japani. Mwaka 2005 aliunganisha hadithi zake fupi mbili katika onyesho moja lililoitwa after the quake, na mwaka 2008 akaipandisha riwaya ya Kafka on the Shore. Mwaka 2012 alirudi kwa Doctorow na riwaya ya The March, inayohusu safari ya jeshi la Jenerali Sherman katika majimbo ya kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Tusisahau kwamba aliongoza pia kazi ambazo hazikutoka katika riwaya. Kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia 1986, alikuwa mwongozaji mshiriki wa Goodman Theatre ya Chicago. Aliongoza opera, ikiwemo A View from the Bridge ya William Bolcom ilipochezwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1999. Na mwaka 2009 alipanda jukwaani mwenyewe kuigiza Prospero wa Shakespeare katika Steppenwolf.

Ameacha wafuasi?

Wengi. Anayejulikana zaidi ni Mary Zimmerman, aliyepita Northwestern akiwa mwanafunzi kisha akawa profesa hapo hapo, na ambaye mwaka 2002 alipata tuzo ya Tony ya uongozaji kwa Metamorphoses, iliyotokana na tenzi za kale za Ovid, mshairi wa Kirumi. Kundi la Lookingglass lililoanzishwa Chicago mwaka 1988 na wahitimu wa Northwestern nalo lilijijengea jina kwa kupandisha vitabu jukwaani. Mpenzi wa maigizo aliyekulia Chicago katika miaka hiyo angeweza kudhani kwamba riwaya ni malighafi ya kawaida ya jukwaa kila mahali.

Nikitaka kuigeuza riwaya kuwa tamthilia, je, ninahitaji ruhusa?

Ikiwa riwaya bado inalindwa na sheria ya hakimiliki, unahitaji ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwandishi, warithi wake au mchapishaji anayeshikilia haki hizo, na ni vyema uipate kabla hujaandika ukurasa wa kwanza. Galati naye aliomba. The Grapes of Wrath bado inalindwa Marekani, na tamthilia yake Galati ina hakimiliki yake yenyewe, kwa hiyo kundi linalotaka kuicheza hulipia kibali. Tanzania mambo haya yako chini ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo, na Kenya chini ya KECOBO, bodi yake ya hakimiliki. Nimeona vijana wakifanya mazoezi miezi mitatu na kisha kuzuiwa wiki ya onyesho kwa sababu ya barua moja ambayo hawakuiandika, na huzuni yao ilikuwa kubwa kuliko hasara ya fedha.

Mtindo huu unafaa kwa riwaya za Kiswahili?

Naamini unafaa kuliko unavyofaa kwa Kiingereza, na nitaeleza kwa nini. Kwanza, tuna kiambishi -ka-. Mwigizaji wa Kiingereza anayesema kuhusu nafsi yake kwamba alifunga mlango analazimika kutumia wakati uliopita wa kawaida, na tendo analolifanya mbele yetu linaonekana kama limekwisha. Mwigizaji wetu anayesema "akafunga mlango, akaketi, akanyamaza" anatumia umbo ambalo halijitegemei. Linasubiri lililotangulia na kuvuta linalofuata. Kila tendo linaita jingine. Mwili unaweza kwenda sambamba na kitenzi bila kugongana nacho.

Pili, kiambishi a- hakisemi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. "Akalia" inaweza kuwa ya yeyote aliyeko jukwaani. Mwongozaji anaweza kumpa mwigizaji mmoja neno hilo na kumwacha mwingine atoe machozi, na kwa nukta moja watazamaji hawajui ni nani anayesimuliwa, mpaka macho yao yampate. Waandishi wetu wa riwaya hutumia utata huu kwa ustadi, lakini tamthilia zinazokimbilia mazungumzo huupoteza.

Kenya vikundi vya maigizo vimezoea kuzunguka shuleni na kuigiza vitabu vilivyoteuliwa kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, zikiwemo riwaya. Kazi hiyo ni ya maana, kwa kuwa mwanafunzi anayemwona mhusika akitembea hamsahau tena. Shinikizo la mtihani, hata hivyo, husukuma onyesho kuwa muhtasari wa matukio, na msimulizi akisikika huwa ni wa kuunganisha tukio na tukio. Ningependa kikundi kimoja kijaribu kuchagua kurasa kumi tu za riwaya, bila kubadilisha neno, na kuwagawia waigizaji kila sentensi, ya mazungumzo na ya simulizi. Mwalimu yeyote wa fasihi anaweza kulifanya zoezi hilo darasani bila taa wala maleba.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ipi?

Katika miaka yake ya mwisho aliishi Sarasota pamoja na mume wake Peter Amster, ambaye naye ni mwongozaji, na alifanya kazi na Asolo Repertory Theatre. Huko aliungana tena na Ahrens na Flaherty wa Ragtime kuandaa Knoxville, tamthilia ya muziki iliyotokana na A Death in the Family, riwaya ya James Agee iliyochapishwa mwaka 1957, miaka miwili baada ya mwandishi wake kufariki. Onyesho lilipangwa kufanyika mwaka 2020, likaahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, na likachezwa mwaka 2022, Galati akiwa mwandishi wa mswada na mwongozaji.

Riwaya hiyo inahusu mtoto mdogo ambaye baba yake anakufa katika ajali ya gari. Katika tamthilia Galati alimweka jukwaani mtu mzima, mwandishi mwenyewe, anayesimama karibu na mtoto huyo na kuyatazama tena yaliyompata. Anasimulia na anakumbuka kwa wakati mmoja, naye haondoki jukwaani kuwapisha wahusika wake. Galati alifariki mwezi Januari mwaka uliofuata.